Roho ya Kuazima

Mvua ya Maramba ikikatika, mawingu hayaondoki. Hubaki yameshika mabega ya Usambara Mashariki, na huku chini, kando ya barabara iendayo Bombo Mtoni, maji huendelea kudondoka kutoka kwenye mabati muda mrefu baada ya anga kunyamaza. Nilikuwa nimejibanza chini ya upenu wa kibanda cha kuchajia simu. Ndani, watoto wawili, ndugu kwa nyuso zao, waliketi juu ya kreti za soda mbele ya televisheni ndogo. Mashine yao ilikuwa ile ya bei nafuu itokayo China, inayoenea kiganjani, yenye gemu mia nne tumboni mwake. Padi ya pili imechomekwa kwa waya mfupi, hata mdogo hana budi kumwegemea mkubwa bega kwa bega ndipo acheze. Gemu ilikuwa Contra. Mdogo alikwisha kufa mara zake zote, na upande wake wa skrini ulikuwa mtupu. "Kaka, naazima laifu moja." "Azima. Lakini safari hii twende wote, usinitangulie." Kitufe kikabonyezwa. Juu ya skrini, katika alama zinazohesabu uhai wa mkubwa, moja ikafutika, na askari wa mdogo akashuka tena uwanjani, mwili wake ukimetameta kwa zile sekunde chache ambazo risasi haimpati.

Tendo hilo dogo limekataa kuniondoka. Kuazima tunakujua sisi. Tumeazima jembe kwa jirani, tumeazima sufuria za shughuli na mikeka ya msiba, tumeazima kanzu ya kwendea posa. Na kila kimoja kilirudi, ama kilirudi mfano wake, ama kilibaki deni linalowafanya watu wawili wasisahauliane. Lakini roho haiazimwi. Waliotulea walitufundisha kuwa roho ni amana, ina mwenyewe aliyeiweka, na siku akiitaka hapana wa kumzuia. Ndani ya kile kisanduku, hata hivyo, watu fulani wa Japani, zamani, walikaa wakaamua kwamba aliyekufa aweze kumgeukia mwenzake aliye hai na kuchukua sehemu ya maisha yake, ili waendelee wote. Hawakulazimika kuamua hivyo. Kwenye mashine za kumbi za michezo, zile za kutia sarafu, aliyekwisha roho hutafuta sarafu nyingine mfukoni au husogea pembeni apishe. Ilipofika nyumbani, sebuleni, mahali ambapo wanaocheza ni ndugu na hakuna sarafu ya kutia, roho ikawa kitu cha kupeana.

Contra ilitoka mwaka 1987, kazi ya kampuni ya Konami, kwanza kwa ajili ya kumbi hizo. Mwaka uliofuata ikahamishiwa kwenye mashine ya nyumbani ya Nintendo, na toleo hilo la 1988 ndilo lililotembea dunia, likinakiliwa ndani ya kaseti na mashine za kuiga zilizotengenezwa Taiwan na China, mpaka likawafikia watu ambao jina la Nintendo hawajapata kulisikia. Hadithi yake ni nyepesi. Ni mwaka 2633, na makomando wawili, Bill Rizer na Lance Bean, wanatumwa kwenye visiwa vya kubuni viitwavyo Galuga, karibu na New Zealand, kulikomesha jeshi la Red Falcon. Hatua ni nane, kuanzia msituni hadi ndani ya pango la kiumbe aliyetoka anga za mbali. Hadithi hiyo wengi waliocheza hawakuijua, na waliofanikiwa kuisoma wameisahau. Kinachokumbukwa ni ugumu. Risasi moja inatosha. Hakuna mstari wa afya unaopungua kidogo kidogo, hakuna dawa ya kuokota njiani, hakuna kujeruhiwa: ama upo, ama haupo. Roho ni tatu, nazo humalizika mtu hajauzoea hata msitu wa kwanza. Unajifunza kwa kufa. Unakufa pale penye daraja linalolipuka nyuma ya visigino, na mara ya pili unajua kukimbia. Unakufa kwa mtu wa kichakani usiyemwona, na mara ya pili kidole kinafyatua kabla ya jicho. Kupotea njia ndiko kujua njia, walisema wahenga, na sidhani kama kuna chombo kinachoitekeleza methali hiyo kwa ukali zaidi ya gemu ya namna hii.

Wengi huulaumu ugumu huo. Mimi nimefika mahali pa kuupenda, na sababu yangu ni moja: ugumu ndio unaomfanya mwenzako aonekane. Katika gemu nyepesi watu wawili hucheza kama abiria wa daladala moja, kila mmoja na dirisha lake, safari ni moja na habari zao ni mbali mbali. Katika gemu ngumu huwezi kumudu anasa hiyo. Lazima ujue mwenzako amesimama wapi, anaelekea wapi, ameshika silaha gani, anaogopa nini. Lazima umjue kwa pumzi, kwa namna bega lake linavyokaza unapomgusa. Wawili hawa wa Maramba hawakuwa wakitazamana hata kidogo, macho yote yalikuwa mbele, na bado sijaona watu waliokuwa wakiangaliana zaidi ya wao.

Hatua ya tatu ya Contra ni maporomoko ya maji. Huko hakuna kwenda kulia tena. Ni kupanda, jiwe kwa jiwe, na skrini hupanda pamoja na aliye juu zaidi. Haishuki kamwe. Aliye chini, kila mwenzake anaporuka, huiona ardhi yake ikizama ukingoni mwa kioo, na jiwe alilokuwa amelikanyaga likiwa bado jiwe huwa kifo kwa sababu tu halionekani tena. Kwa hiyo mwenye mbio anaweza kumuua mwenzake pasipo kumgusa, pasipo kumchukia, pasipo hata kujua. Amefanya jambo moja tu, amepanda vizuri. Nimekaa nikiifikiria hatua hiyo kuliko nyingine yoyote. Nimewafikiria wale walioondoka vijiji vya Mkinga, wilaya yenye Maramba, wakaenda Tanga mjini, kisha Dar es Salaam, kisha mbali zaidi, kila mmoja akiruka jiwe lake kwa juhudi na kwa haki yake, na nyuma yao ukingo wa kioo ukipanda. Hawakuiba kitu. Walisoma, walifanya kazi, walituma hela za mbolea na za hospitali. Lakini kuna ndugu waliobaki kwenye jiwe la chini ambao dunia iliacha kuwaonyesha, na kutoonekana ni namna ya kufa ambayo haina msiba wala tanga. Yule mkubwa kibandani alilijua jambo hilo kwa vidole. Alipofika kwenye maporomoko alisimama kwenye jiwe pana, risasi za adui zikimpita, akalala kifudifudi kuzikwepa, akasubiri. Kusubiri chini ya risasi ni kazi kubwa kuliko kupanda.

Ni vizuri nikumbushe kwamba sivyo vibanda vyetu vya gemu vilivyozoea. Kuanzia Chumbageni, Tanga mjini, hadi huku milimani, kinachotawala ni mpira: pleisteshoni, timu za Ulaya, wawili wanapigana na kundi linazomea, anayefungwa anasimama na kumpisha anayefuata. Ni burudani ya haki na nimeifurahia. Ila sheria yake ni kwamba kiti changu ni kiti chako ulichopoteza. Contra ina sheria nyingine: mkishindwa, mnashindwa wote, na kiti kinabaki na joto la wawili.

Upo pia mlango wa siri. Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji wa Konami, alikuwa mwaka 1986 akiihamishia gemu nyingine, Gradius, kwenye mashine ya nyumbani, na ilimpasa aijaribu mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilimshinda. Akajitengenezea njia: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha vitufe viwili, B na A. Ukiziandika alama hizo katika Contra kabla ya kuanza, roho tatu huwa 30. Hashimoto alifariki Februari 2020, na watu wazima wa mabara yote, ambao hawajapata kumwona, walimlilia kwa kuandika mishale hiyo. Ninachokipenda katika kisa chake ni kwamba aliyeujenga ukuta ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiri kuwa hauruki, na ngazi aliyojitengenezea ikawa mali ya watoto wa dunia nzima, wakirithishana kwa mdomo, wakubwa wakiwanong'oneza wadogo, kama zilivyorithiwa nyimbo za mchezo kabla ya vitabu. Ni vigumu mtoto kuigundua peke yake. Wengi walioijua, waliambiwa na mtu.

Gemu ngumu za ushirikiano hazikufa na kaseti. Tarehe 8 Februari 2024 studio ya Arrowhead ya Stockholm, Uswidi, ilitoa Helldivers 2, na kwa wiki kadhaa watu walikuwa wengi mno hata mitambo ya kampuni ikazidiwa na wachezaji wakapanga foleni kuingia. Niliicheza kwa rafiki mjini Tanga, kwenye kompyuta yake iliyokuwa ikipiga kelele za feni usiku kucha. Watu hadi wanne hushushwa kwenye sayari iliyojaa wadudu wakubwa au majeshi ya roboti, wafanye kazi waliyotumwa, kisha wakimbilie chombo cha kuwaondoa. Roho za kikosi huwekwa kwenye mfuko mmoja, tano kwa kila mchezaji, 20 kwa kikosi kamili. Hakuna roho yangu wala yako. Ukianguka, huna la kufanya isipokuwa kutazama na kungoja, maana kukurudisha ni kazi ya aliyebaki: aingize mishale kwa mkono, juu, chini, kulia, kushoto, juu, wadudu wakimrarua, kisha alitupe duara la mwanga mahali unapopaswa kuangukia. Nilipoiona mishale ile mara ya kwanza nilimkumbuka Hashimoto. Tofauti ni kwamba mishale yake mtu hujiombea, na hii huwezi kujiombea. Huombewa na mwenzako, naye huiomba mikono yake ikitetemeka.

Na hapo ndipo gemu hiyo inapokuwa kali kuliko Contra. Katika Contra risasi yako humpita ndugu yako kana kwamba ni hewa. Katika Helldivers 2 humuua. Bomu uliloliita humuua, mzinga ulioupanda kwa ajili ya kumlinda humkata katikati akisimama kati yake na adui, hata kile chombo kinachomrudisha duniani kinaweza kumwangukia kichwani aliyekiita. Hakuna mahali pa kuizima kanuni hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, nayo gemu imeishona nguo yote kwa uzi huo. Wapo wanaoona ni ukatili usio na maana. Kwangu ndiyo busara yake kubwa, kwa sababu inakulazimisha kujua kwamba nguvu uliyo nayo haijui nani ni wako. Wewe ndiye unayepaswa kujua. Bunduki haina undugu. Kila unapofyatua lazima ujiulize nani yuko nyuma ya yule unayemlenga, na hilo ni swali ambalo majeshi mengi ya kweli, yenye makamanda waliosoma, yameshindwa kujiuliza.

Kuna silaha moja humo ambayo ningeweza kuandika juu yake peke yake. Ni bomba la begani la kurushia makombora, la kuvunjia vifaru. Makombora yake hukaa kwenye mkoba wa mgongoni. Unaweza kulijaza mwenyewe, lakini ni lazima upige goti na usubiri, na kusubiri ni kufa. Ila mwenzako akiuvaa ule mkoba, akasimama kando yako asiondoke, atakujazia kombora baada ya kombora kwa haraka ya ajabu. Anachokitoa ni kikubwa: mgongo wake hauna tena nafasi ya kifaa chake, miguu yake haiendi anakotaka, macho yake yako kwenye bega la mtu mwingine. Hesabu za mwisho hazimpi sifa, kwa maana aliyekiua kifaru ni mwenye bomba. Usiku mmoja mtu nisiyemjua, ambaye lugha yake sikuielewa hata neno, aliuokota mkoba wangu na kunifuata tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho, akinijazia. Hakurusha yeye hata kombora moja. Tulipoachana sikuwa na njia ya kumwambia nilichotaka kumwambia, na nilichotaka kumwambia kilihusu watu wa kwetu.

Kutoka Maramba ukielekea bahari, katika wilaya hiyo hiyo ya Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya, kuna Jasini. Watu wa Tanga wanapokumbuka Vita Kuu ya Kwanza hutaja Novemba 1914, vita vya mjini, vile ambavyo nyuki walitoka mizingani wakauma pande zote mbili bila kuuliza bendera. Jasini haitajwi sana. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 askari wa jeshi la Kijerumani chini ya kamanda von Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika, walikishambulia kituo kilichoshikwa na askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza, katikati ya mashamba ya mkonge. Waliokuwa ndani walipigana mpaka risasi zikawaishia, wakajisalimisha. Wajerumani walishinda, na ushindi huo ulimtisha kamanda wao kuliko kushindwa. Alikuwa amepoteza maofisa wengi, na risasi zilizotumika zilikuwa 200,000. Akapiga hesabu, na baadaye akaiandika katika kumbukumbu zake: kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana vita vya namna ile mara tatu zaidi, basi. Tatu. Nilipoisoma hesabu hiyo nilizikumbuka alama za juu ya skrini. Kuanzia hapo akawa anakwepa kupigana uso kwa uso, akageukia vita vya kuvizia na kuhama vilivyoendelea hadi Novemba 1918.

Vita vya kuhama vinahitaji migongo. Hakuna reli kila mahali, wanyama wa mizigo hufa kwa mbung'o, basi kilichobaki ni binadamu. Pande zote mbili ziliwachukua wapagazi kwa malaki, wengi kwa nguvu, wakabeba risasi, unga, dawa, vipande vya mizinga, vitanda vya maofisa. Makumi ya maelfu walikufa, na waliouawa na njaa, kuhara na homa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Hao ndio waliouvaa mkoba. Walisimama nyuma ya bega la mwenye bunduki, wakamjazia, wakafa, na katika hesabu za mwisho aliyekiua kifaru ni mwenye bomba. Makamanda wana vitabu vyao, vyenye picha na ramani. Wapagazi wengi hata majina yao hayakuandikwa mahali, na makaburi yao ni njia yenyewe. Wapiganapo tembo nyasi huumia, tunasema, na methali hiyo ni ya kweli ila naiona inawapunguza. Nyasi hazibebi tembo. Hawa waliwabeba.

Helldivers 2 ina jambo moja ambalo mchezaji mwenye haraka halioni. Anayerudi baada ya kifo siye aliyekufa. Ndani ya hadithi yake, kila askari anayeshushwa ni mtu mwingine, aliyekuwa amelazwa kwenye baridi ndani ya chombo angani akingoja zamu. Wewe mwenye padi unaendelea, yeye amekwisha. Sayari iitwayo Super Earth inawatuma vijana wake kwa nyimbo na hotuba, na kombora moja linathaminiwa kuliko mmoja wao. Watunzi wamelisema hilo kwa sauti ya kejeli, nami silipokei kwa kicheko. Nikikumbuka Jasini naliona kama taarifa. Mpagazi aliyeanguka alibadilishwa na mwingine kutoka kijiji cha mbele, mzigo ukanyanyuliwa, msafara ukaendelea, na kwa mtu aliyekuwa akiitazama ramani ofisini hakuna kilichopungua.

Maramba ina kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na vijana wa kike na wa kiume hufika huko kutoka kila mkoa kujifunza kwata, kilimo na silaha. Asubuhi nyimbo zao za mchakamchaka husikika mbali. Mtoto wa mji huu, basi, anakua akizisikia hatua za askari wa kweli alfajiri na milio ya askari wa kioo jioni. Wazazi huziogopa gemu hizi za bunduki, na hofu yao haikuanza leo wala haikuanzia kwetu; Ulaya, mwaka 1990, Contra iliuzwa kwa jina la Probotector na makomando wote wakageuzwa roboti, ili mtoto asionekane anampiga mtu. Sizidharau hofu hizo. Ninachoona tu ni kwamba mtoto akiulizwa alichokifanya na ndugu yake mchana kutwa hasemi "tuliua." Husema "tulifika maporomoko."

Wala si kila mtu aliruhusiwa kufika. Mei 2024 Sony, wachapishaji wa Helldivers 2, walitangaza kwamba wachezaji wa kompyuta wote wafungue akaunti ya mtandao wa PlayStation, mtandao ambao Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi zinazohudumiwa. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo 177, yetu ikiwemo. Yaani watu waliokwisha kupigana bega kwa bega kwa miezi mitatu wakaambiwa kuwa baadhi ya mabega hayo hayana anwani. Kilichofuata kimenipa imani kuliko ushindi wowote wa ndani ya gemu. Wachezaji wa Marekani, wa Ulaya, wa Japani, ambao wao wenyewe hawakuzuiwa na chochote, walilalamika maelfu kwa maelfu, pia kwa ajili ya wenzao, na baada ya siku chache Sony walirudi nyuma, tarehe 6 Mei, wakaifuta amri ya akaunti. Msimu huo huo gemu iliwapa wachezaji wake uchaguzi: waikomboe sayari moja wapate silaha mpya, mabomu ya ardhini ya kuvunjia vifaru, au waikomboe nyingine waokoe watoto wagonjwa. Watoto hao hawapo, ni maandishi kwenye kioo. Wachezaji wakawachagua watoto, na Arrowhead wakatoa mchango wa fedha za kweli kwa shirika la Save the Children. Aliyezoea kuazimana roho usiku, pengine mkono wake hulainika na mchana.

Bado kuna kitu kimoja kinachonikera katika Contra, gemu ninayoipenda kuliko zote. Kitufe cha kuazima hakimuulizi mwenye roho. Aliyekufa hubonyeza, na ya mwenzake hupungua, awe ameridhia au hajaridhia. Yule mtoto aliomba kwa mdomo kwa sababu amelelewa hivyo; mashine haikumdai. Na hakuna kitufe cha kurudisha. Mdogo akiokota pointi za kutosha akapata roho ya ziada, inakaa kwake, hana njia ya kumrudishia kaka yake hata akitaka kwa moyo wote.

Ningependa itungwe nyingine, na ningependa itungwe na vijana wa hapa, maana Tanga ina vijana wanaojua kuandika programu. Iwe ya watu wawili na mzigo mmoja, umefungwa kwenye mti unaokaa mabegani mwa wote, kutoka Jasini kuingia bara. Wasiwe na bunduki. Bunduki ziwe za wengine, mbele na nyuma yao. Skrini iende kwa mwendo wa aliye nyuma. Wawe na majina, na mchezaji alazimike kuyaandika kabla ya kuanza. Roho ziazimwe, lakini kwa vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja, cha anayeomba na cha anayetoa, na ziweze kurudi. Na iwe ngumu. Iwe ngumu hata ndugu wawili wa Maramba wagombane na wapatane mara nyingi kabla hawajauvuka Mto Umba, na mabishano yao yawe juu ya nani leo atangulie na nani ashike ncha ya nyuma ya mti, ambako mzigo huwa mzito zaidi wakati wa kupanda.